Madebe Elfu Nne ya Moshi

Nchi yenyewe ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Jina lake limebadilishwa mara tatu tangu nimalize kidato cha nne, na sitaki kuandika la zamani nikaonekana mpinzani, wala la sasa nikaonekana najipendekeza. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye amani, na kwamba mambo haya yalitokea katika wilaya ya Kandokando, ambako mimi, Kondo, nilikuwa karani wa moshi.

Yalianza kwa barua. Wizara iliziandikia wilaya zote kwamba dunia inazidi kupata joto, na kwamba kila wilaya ipime hewa ukaa inayotoka kwake ndani ya siku tisini, ili ipange mipango yake ya tabianchi kwa takwimu badala ya kubahatisha. Ilikuwa barua nzuri. Nimeisoma mara nyingi na bado naiona nzuri. Taabu ilikuwa neno moja tu.

Mkuu wetu wa wilaya, Mheshimiwa Tungaraza, aliisoma kwa sauti mbele ya wakuu wote wa idara. Alipofika kwenye neno lile akasita.

"Hewa ukaa," alisema. "Nani atatueleza maana yake? Mimi naijua. Nataka kuona kama na ninyi mnaijua."

Afisa Misitu aliangalia dari. Afisa Afya alikohoa. Afisa Mifugo, ambaye alikuja kwa ajili ya chai, aliongeza sukari. Ndipo Bwana Mdachi, Afisa Ukaazi, akanyoosha mkono. Idara yake ilikuwa ndogo kuliko zote: chumba kimoja, muhuri mmoja, karani mmoja ambaye ni mimi, na kazi ya kugawa kadi za ukaazi. Katika miaka kumi na mitatu ya utumishi wake, hakuwahi kuulizwa swali kwenye kikao.

"Mheshimiwa, neno lenyewe linajieleza," alisema. "Ukaa, ukaazi. Hewa ukaa ni hewa inayotolewa na wakaazi."

Mheshimiwa akapiga meza. "Hilo ndilo nililokuwa nalingoja!"

Basi kazi ikaja kwetu. Tulipotoka nje, Afisa Misitu alinivuta kando, nyuma ya choo, akaninong'oneza: "Kondo, ukaa unatokana na kaa. Kaa la moto. Hata mtoto wa darasa la tano anajua."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Aa," alisema, akaangalia nyuma. "Mimi nastaafu mwakani."

Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa sijui kwamba kuna kicheko ambacho mtu huja kukilipia peke yake.

*

Kwa kuwa hewa ukaa ilikuwa ya wakaazi, asiye na kadi ya ukaazi hakupimwa. Mantiki hiyo sikuitunga mimi. Iliandikwa, ikapigwa muhuri, na Bwana Mdachi akaibandika ukutani.

Tulianza na kiwanda cha saruji, kwa sababu bomba lake la moshi linaonekana kutoka kila mahali. Watu wa upande ule huanua nguo zao zikiwa za kijivu, na ukimwona mtu ana nyusi nyeupe huwezi kujua kama ni uzee au ni saruji. Meneja alitupokea kwa soda baridi.

"Tajiri wetu haishi hapa, jamani," alisema. "Yuko ng'ambo. Anakuja mara moja kwa mwaka, anapiga picha, anaondoka."

"Hana kadi ya ukaazi?"

"Ya nini? Hana hata mswaki hapa."

Bwana Mdachi akafunga jalada. "Kumbe huu ni moshi mpita njia," alisema, nasi tukamaliza soda.

Magari ya serikali nayo hayakuhesabiwa, kwani gari la serikali huwa safarini daima. Jenereta la ofisi ya Mheshimiwa, linalonguruma mpaka kalamu zinatembea zenyewe mezani, lilikutwa na hati inayosema limeletwa kwa muda. Hati ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tukaheshimu hati.

Baada ya hapo wakabaki wenye mafiga matatu. Hao wote walikuwa na kadi. Sisi wenyewe tuliwagawia.

Vipimo vya kisasa vilikuwepo. Wizara ilivituma katika masanduku sita, na masanduku sita yakafungiwa stoo, kwa sababu yalikuwa hayajazinduliwa. Waziri alitarajiwa kuja kukata utepe. Wakati tukimngoja, Bwana Mdachi alibuni kipimo chake: debe tupu la lita ishirini. Unalishika juu ya moto, mdomo ukiangalia chini. Moshi ukijaa na kuanza kumwagikia pembeni, umepata debe moja. Unalikung'uta, unaanza tena. Alikifanyia majaribio jikoni kwa mama mkwe wake, jambo ambalo nasikia mpaka leo halijasamehewa.

*

Sasa nifike kwa Bi Sikudhani.

Katika mkoa wetu kuna watu wa milimani na watu wa bondeni. Babu zetu walipigana kwa ajili ya chemchemi ya chumvi, wakachoka, wakala pamoja, na tangu siku hiyo sisi ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Atakamata kuku wako nawe utamshikia miguu. Na siku ya msiba wako, wakati ndugu wote wamevunjika moyo, mtani ndiye anayeingia katikati ya waombolezaji na kumsema marehemu mpaka watu wacheke. Mtu akizikwa bila kucheka kwa mtani, kwetu tunasema amezikwa nusu.

Mimi ni wa bondeni. Bi Sikudhani alikuwa wa milimani, mfinyanzi, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye vidole vya chuma. Nilipohamishiwa Kandokando, kwa watu wa milimani, sikuwa na ndugu wala sufuria. Yeye ndiye aliyenipa uji wa ulezi kila asubuhi kwa miaka sita, na kila asubuhi aliutemea maneno kabla ya kunipa. Kila baada ya wiki mbili alichoma vyungu uani kwake, kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, na siku hiyo moshi wake ulikuwa moshi kweli.

Ndiyo siku niliyokwenda na debe langu.

"Hodi!"

"Kama ni mtu wa bondeni, hakuna mtu. Kama ni mtu, karibu."

"Ni serikali, Bi Sikudhani."

"Afadhali ungekuwa wa bondeni tu." Akaniona. "Na hilo debe? Umekuja kuomba mahindi?"

"Nimekuja kupima moshi."

"Moshi!" Akaacha fimbo aliyokuwa akichochea moto nayo. "Kweli mmeishiwa huko bondeni. Mwizi wa kuku nimemwona, mwizi wa viatu msikitini nimemwona. Mwizi wa moshi ndiyo leo."

Nikapima. Macho yalinitoka machozi, nikakung'uta debe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, moto ukashuka.

"Madebe manne," nikasema.

"Manne? Moto wote huu manne? Unanipunja, mtani. Mimi nachoma vyungu tangu mama yako anaogopa vyura, leo unaniletea manne kama mtu anayechemsha yai?"

"Basi nikuandikie elfu nne uridhike?"

"Andika! Huna ubavu. Mtu wa bondeni hajawahi kuandika sifuri tatu zikakaa mstari mmoja."

Nikaandika. Nilibonyeza sana kalamu, kwa sababu fomu ilikuwa na nakala tatu, nyeupe, ya waridi na ya kijani, na ilitakiwa ifike mpaka chini. Bi Sikudhani akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma, akacheka mpaka akakaa juu ya lundo la udongo mbichi.

"Elfu nne! Haya, sasa najulikana mpaka Ikulu!"

Nami nikacheka. Akanipa kiazi kilichochomwa kwenye majivu, tukala, akanisema jinsi ninavyotafuna.

Sikukusudia namba ile ibaki. Nilidhani nitachukua fomu nyingine. Kumbe kila nyumba ilikuwa na fomu moja, yenye namba ya mfululizo, na ili kurekebisha ilibidi kujaza Fomu ya Kukiri Kosa na kuipeleka kwa mkubwa wangu pamoja na maelezo ya kwa nini nisifukuzwe. Ilikuwa Ijumaa mchana. Nikasema, Jumatatu.

*

Jumatatu nilimkuta Bwana Mdachi ameshajumlisha. Alikuwa amejumlisha mara tatu.

"Kondo," alisema, "wilaya nzima imetoa madebe elfu tano mia moja na kumi na mawili. Elfu nne ni ya mtu mmoja! Unajua umegundua nini? Wilaya nyingine tatizo lao limetawanyika, hawajui washike wapi. Letu sisi lina nyumba, lina mlango!"

"Mzee, kuhusu ile namba ya Bi Sikudhani, mimi..."

"Usijishushe, kijana. Kazi nzuri ni kazi nzuri."

Nikafunga mdomo. Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyenitishia. Ningeweza kuufungua tena, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi.

Baada ya mwezi mmoja Mpango Mkakati wa Tabianchi wa Wilaya ya Kandokando ukazinduliwa uwanjani. Ulikuwa na kurasa sitini. Hamsini na nane zilikuwa dibaji, shukrani na picha za Mheshimiwa akipanda mche mmoja kutoka pembe mbalimbali. Mbili za mwisho zilimhusu Bi Sikudhani.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma. "Huko kwenye ncha za dunia, barafu inayeyuka. Barafu kubwa kuliko wilaya hii! Nani anaiyeyusha?"

Tukainamisha vichwa, maana tuliogopa kutajwa.

"Vyungu!" alisema. "Inayeyushwa na vyungu! Lakini serikali yenu sikivu imeshika chungu chenyewe!"

Bi Sikudhani alikuwa amesimama safu ya tatu, na kanga yake nzuri. Alinitafuta kwa macho katika umati, akaniona jukwaani kule nyuma, akanyoosha vidole vinne juu, akacheka. Alidhani bado tunataniana, mimi na yeye, na wilaya nzima imeingia kwenye utani wetu. Nikamrudishia vidole vinne.

*

Walikuja kumfungia jiko siku ya Jumanne. Shimo la kuchomea vyungu likazungushiwa utepe wa njano. Mafiga matatu ya jikoni nayo yakafungwa kwa kamba na kupigwa lakiri, kwa kuwa fomu yangu haikuwa na nafasi ya kutenganisha moshi wa vyungu na moshi wa uji. Mlangoni akawekwa mgambo, kijana mpole aitwaye Masatu, aliyeazimwa kutoka wilaya nyingine.

Masatu alikuwa anaona baridi. Siku ya pili akawasha moto wake hapo hapo uani, akaweka sufuria ya ugali.

"Huo moshi je?" Bi Sikudhani akamuuliza.

"Mimi si mkaazi, mama. Kadi yangu ni ya kule kwetu."

"Basi mwanangu, nisaidie nichemshie maji yangu hapo."

Masatu alikuna kichwa. Alikuwa ameelekezwa hilo pia. "Maji ni ya mkaazi, mama," alisema. "Yakichemka tu, moshi wote unakuwa wako."

Majirani walimletea chakula wiki ya kwanza. Wiki ya pili likatolewa tangazo kwamba atakayempikia Bi Sikudhani, madebe elfu nne yatahamia kwake. Wiki ya tatu majirani wakawa wanamsalimia kwa mbali, kwa heshima kubwa. Binti yake, Havijawa, aliyeolewa wilaya ya pili, aliomba amchukue mama yake akakae naye. Wilaya ile ilijibu kwa barua kwamba inampenda sana Bi Sikudhani kama binadamu, lakini haina mahali pa kuweka moshi wake.

Mimi nilimpelekea uji kwenye chupa ya chai mara mbili. Mara ya tatu Bwana Mdachi akaniita.

"Kondo, wewe ni mpimaji. Mpimaji hampi uji mpimwaji. Watasema tunapendeleana." Kisha akasema kwa upole, "Na jina lako nimelipeleka mbele, upandishwe cheo. Usiliharibu."

Sikupeleka tena. Wala simsingizii mtu. Chupa ilikuwa yangu na miguu ilikuwa yangu.

Mvua za masika zikaanza. Kule kwetu, masika bila moto ni ugonjwa. Maji ya kisima hugeuka rangi ya chai, na kila mtu huyachemsha, hata mwendawazimu wa sokoni huyachemsha. Nilipita kwa Bi Sikudhani nikamkuta amekaa kizingitini, kikombe mkononi, amevaa sweta mbili. Mbele yake vyungu ishirini vibichi, vilivyokwisha kufinyangwa, vilikuwa vinalainika kwa unyevu na kurudi kuwa udongo.

"Mtani," alisema, "ulininyima sifa. Ungeandika elfu kumi wangenipa na polisi."

"Bi Sikudhani, usinywe hayo maji."

"Ninywe nini? Soda za kiwandani?" Akacheka kidogo, halafu hakucheka. Hilo sikuwahi kuliona kwake, uso ule umetulia. "Kondo."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Naam, mama."

"Utani ukiiva unaepuliwa. Ukiachwa motoni unaungua. Nenda kawaambie ni manne."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Mimi nitakungoja," alisema. "Sina safari."

*

Jumatatu ile niliamka nikajaza Fomu ya Kukiri Kosa kwa mwandiko wangu bora. Niliandika: namba halisi ni nne, sifuri tatu niliziongeza mimi kwa utani. Nikaisoma, ikaonekana ya kijinga, kama kweli nyingi zinavyoonekana zikiandikwa. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda.

Ofisini nilikuta wafanyakazi wote wamesimama nje kwa mistari miwili. Walipiga makofi nilipotokea. Mheshimiwa Tungaraza mwenyewe alikuwa pale, na cheti chenye fremu ya dhahabu. Nilikuwa nimekuwa Mpimaji Bora wa Moshi Kitaifa. Wizara ilikuwa imepiga simu. Hakuna karani mwingine nchini aliyegundua mtoaji mmoja wa madebe elfu nne.

"Sema neno, Kondo!" Mheshimiwa aliniambia, akanisogezea kipaza sauti.

Nilikuwa na fomu mfukoni na kipaza sauti mdomoni. Watu arobaini walikuwa wananingoja, na Afisa Misitu alikuwa miongoni mwao, ananiangalia kwa macho ya mtu anayestaafu mwakani.

"Namshukuru Mungu," nikasema, "na uongozi."

Nilisema hivyo tu. Wakapiga makofi tena.

Nilijiambia nitaipeleka ile fomu Jumanne, mambo yakitulia. Jumanne Waziri alithibitisha safari yake, tukapaka chokaa mawe ya barabarani. Jumatano Masatu alikuja ofisini mbio, amelowa, akasema yule mama anaendesha tumbo tangu jana na hawezi kusimama. Alikuwa amemchemshia maji mwenyewe, kwa siri, lakini mama alikuwa hayaweki tumboni. Tulimbeba mimi na yeye kwenye kitanda cha kamba mpaka zahanati. Njiani alifumbua macho.

"Umewaambia?"

"Bado kidogo, mama."

"Bado Kidogo," alisema. Ilikuwa sauti ndogo sana, ikabidi niiname. "Hilo ndilo jina la ukoo wenu."

Alikuwa ananitania, nadhani. Nimekaa na sentensi hiyo mwaka wa tatu sasa na sina hakika. Alfajiri ya Alhamisi akafa. Mganga aliandika: tumbo. Hakukosea.

*

Ijumaa saa nne asubuhi, kabla hata kaburi halijachimbwa, Bwana Mdachi alitoa takwimu mpya. Kwa kuwa mkaazi mmoja alikuwa amefutwa katika daftari, hewa ukaa ya wilaya ya Kandokando ilikuwa imeshuka kutoka madebe elfu tano mia moja na kumi na mawili hadi elfu moja mia moja na kumi na mawili. Hakuna wilaya duniani, alisema, iliyowahi kupunguza kiasi hicho kwa wiki moja.

Kwa hiyo msiba wa Bi Sikudhani ukawa wa kiserikali. Waziri, ambaye alikuwa anakuja kuzindua masanduku, akaelekezwa moja kwa moja msibani. Magari kumi na saba yakapanga mstari mpaka kisimani, yote yakiunguruma ili viyoyozi visizime. Na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, na wageni si wakaazi, uani kwa marehemu ikawashwa mioto saba ya kupikia pilau. Utepe wa njano ulikatwa ili kuni zipitishwe. Lakiri ilivunjwa. Juu ya mafiga yale yale kulikuwa na sufuria ya maji ya chai inayotosha watu sitini, inachemka mpaka mfuniko unaruka.

Nilisimama nikaitazama sufuria hiyo kwa muda mrefu. Mtu mmoja akanipa kikombe, akidhani nina kiu.

Mheshimiwa Tungaraza alitoa hotuba.

"Ndugu waombolezaji, wapo watu ambao katika uhai wao hulisaidia taifa. Marehemu mama yetu amelisaidia hata baada ya uhai. Ametutoka, lakini ametupunguzia! Kwa niaba ya tabianchi, nasema asante. Na namwomba kila mmoja wetu hapa, kwa nafasi yake, aige mfano wake."

Waziri aliitikia kwa kichwa. Watu waliangaliana, hawakujua kama ni amri.

Havijawa alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, amejitanda mpaka machoni. Tangu afike hakuwa amelia wala kusema. Shangazi zake walikuwa wanamtikisa mabega, wanamwambia alie, mwanamke, utapasuka. Ndipo mzee mmoja wa milimani akainuka na kuangaza huku na huku.

"Watani wako wapi? Tutamzika huyu mama nusu? Watu wa bondeni mmekufa wote?"

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa wa bondeni pekee pale, na kila mtu alijua ni nani aliyekuwa anakunywa uji wake.

Nikaenda katikati. Sikuwa na utani wowote. Nilikuwa na kitu kimoja tu ndani yangu, na nikaona basi, ni hapa, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Waziri, mbele ya binti yake. Kama nitafungwa nifungwe.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Moshi wake ulikuwa madebe manne," nikasema. "Manne! Nilipima mwenyewe. Akaniambia huna ubavu wa kuandika sifuri tatu, nikaziandika. Elfu nne zote ni za kalamu yangu."

Sasa wakacheka wengi. "Haya, mtani!" akapiga kelele yule mzee. "Mseme!"

"Sitanii, wazee wangu. Serikali nzima imepiga vita sifuri tatu za mlevi wa uji. Mheshimiwa kazitungia kitabu. Mimi nikapewa cheti! Nilikuwa na fomu ya kukiri mfukoni, na kipaza sauti mdomoni, nikamshukuru Mungu na uongozi!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Watu walijishika mbavu. Wapishi waliacha miko. Mheshimiwa Tungaraza alikuwa anafuta machozi kwa leso, anampigapiga Waziri goti, anasema, "Hawa watu wa bondeni, Mheshimiwa Waziri, hawa watakuua!" Bwana Mdachi alicheka kuliko wote, akitazama kwanza kama wakubwa wanacheka. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyoniomba niongeze. Nikasema alinisubiri. Nikasema nilimwambia Jumatatu. Nikatoa ile fomu mfukoni, nikaisoma neno kwa neno, sauti ikanikatika katikati, wakasema, tazameni anavyojua kuigiza kulia.

Afisa Misitu peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke. Havijawa alikuwa amefunua uso. Alikuwa anacheka, anacheka na machozi yanamtoka yote kwa pamoja, yale yaliyokataa tangu Alhamisi, na shangazi zake wanasema, afadhali, Mungu mkubwa, afadhali. Akainuka kwenye mkeka, akaja mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mtani," alisema. "Sasa mama atazikwa mzima."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa natania. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini alikuwa bado amenishika, bado anacheka, na alikuwa ananingoja nami nicheke.

Nikacheka.